Bonyeza Ndiyo Uendelee

6 Oktoba

Hakuna mtu aliyenitajia baridi ya Kianyaga kwenye mahojiano. Nimepewa meza kando ya dirisha, na dirisha halifungi. Chama hiki cha wakulima wa kahawa kina viwanda saba vilivyotapakaa kuelekea mlimani, na katika kila kiwanda kuna kompyuta inayosoma mizani wakulima wanapoleta kahawa nyekundu kutoka shambani. Kompyuta hizo ndizo kazi yangu. Meneja, Bwana Kahiga, alinieleza yote hayo kabla sijakaa vizuri, kisha akaendelea na simu yake.

Saa ya chai walinisalimu kwa Kiswahili, wakaniuliza kama Bungoma kunanyesha, halafu wakarudi kwenye Kikuyu chao na kucheka hadi machozi. Nilicheka pia. Sijui nilicheka nini.

7 Oktoba

Mvua. Nimeziba dirisha kwa gazeti.

9 Oktoba

Leo nimekutana na Njoki, fundi wa chama. Nilitarajia kijana mwenye miwani. Akaingia mama wa miaka hamsini na kitu, gambuti za bluu, koti la ngozi, helmeti kwapani, akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndio ule mgeni wa kompyuta? Mbona unakaa kama mtu ameitwa na chifu?"

Nikasema nasikia baridi.

"Baridi gani? Hii ni joto. Ngoja July ndio utajua. Umekula? Umeolewa? Hiyo nyumba umepanga iko na maji?"

Yote hayo kwa pumzi moja. Majibu ya watu kama hawa huwa ninayo tayari mdomoni: nimekula, bado, yapo. Niliyatoa hivyo hivyo. Hakuridhika hata kidogo. Akavuta kiti.

"Ati bado? Wanaume wa huko kwenu hawaoni?"

Mtu mchokozi. Pia anajisifu: kompyuta zote saba ni yeye aliyezijenga, na kama si yeye chama kingekuwa bado kinapima kwa mawe.

13 Oktoba

Nimezikagua kompyuta zote kutoka ofisini kupitia mtandao. Hakuna mbili zinazofanana. Njoki husafiri na flashi yake ndani ya soksi, hufika kiwandani, huanza kuweka mfumo, na mfumo huuliza maswali: lugha gani, saa za wapi, kibodi ya aina gani, jina la mashine, nywila. Hujibu swali moja, huenda kunywa chai, hurudi hukuta limesimama swali lingine. Majibu hutegemea chai ilikuwaje. Kiwanda kimoja kinafuata saa za London, kwa hiyo kumbukumbu zake zinaonyesha wakulima walioleta kahawa kabla hawajaamka.

Nilimwonyesha. Hakuaibika.

"Hao huamka mapema," akasema.

Kahiga anataka zote ziwe sawa. Nikamweleza Njoki nitakavyofanya. Naandika faili ya maelekezo. Kuna chombo kinachoisoma faili hiyo, kinaamsha mashine pepe tupu, yaani kompyuta isiyo na bati wala skrini yake, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Kinaiwekea mfumo, na kila swali linapotokea kinajibu chenyewe kwa jibu nililoliandika mapema. Kinaweka programu ya mizani, kinafuta takataka za ujenzi, kinaizima mashine na kuigandisha ilivyo. Hiyo iliyoganda tunaiita imeji. Nakala zake zinatumwa viwandani kwa mtandao, na kila nakala ikiamka, inaamka tayari inajua kazi.

Njoki alisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Sasa mimi naingia wapi hapo?"

"Tutaona, Mama Theuri," nikasema. Theuri ni mwanawe aliye Nyeri. Ndivyo wote wanavyomwita, nami nikaona nifuate.

16 Oktoba

Kahiga ameniruhusu nizunguke na Njoki ili nijue mizani za kila kiwanda zinavyounganishwa. Nilipanda nyuma ya pikipiki yake nikamshika kiunoni kwa nguvu zangu zote. Barabara ni nyekundu na inateleza, na yeye anaongea akiwa amegeuza kichwa.

Tumefika mpaka Kiwanda cha Juu, karibu na msitu, ambako hata ukungu haujisumbui kuondoka. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye magunia wakichagua kahawa, mbivu huku, mbichi kule. Walituletea chai na viazi vitamu vya moto. Mmoja akasema neno, wote wakaangua kicheko, nami nikaanza ile kazi yangu ya kucheka bila kujua. Njoki akanigusa goti.

"Wanasema ulikuwa umenishika kama paka inapelekwa kuoshwa mtoni."

Nilicheka kweli. Tangu nifike huku, ndicho kichekesho cha kwanza ambacho mtu amehangaika kunitafsiria. Kurudi, alinitafsiria mpaka matusi ya makanga wa matatu waliotupita.

Nimefurahi leo. Acha niandike hivyo tu.

20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Ofisi imefungwa. Neno pekee nililolitamka leo ni "mkate", dukani, na mwenye duka alikuwa ameshaushika.

23 Oktoba

Siku mbaya. Imeji ya kwanza ilikamilika jana, nikatuma nakala kwenye viwanda vitatu vya kujaribu, nikalala kama mtoto. Asubuhi wakulima wakaanza kuleta kahawa. Kikipima kiwanda kimoja, vingine viwili vinapotea kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi. Kimoja kikirudi, kinamsukuma mwenzake nje. Karani wa Kiwanda cha Mtoni akapiga simu, foleni imefika barabarani na watu wanalowa. Kahawa nyekundu haingoji kesho, ni lazima isagwe siku iyo hiyo, la sivyo inaanza kuchacha. Karani wa pili akapiga. Kahiga akasimama nyuma ya kiti changu.

Nilitafuta mpaka mchana. Kumbe kosa lilikuwa langu, na la kijinga. Kila mashine hupewa namba yake ya utambulisho inapojengwa. Mimi nilikuwa nimeigandisha imeji ikiwa na namba yake tayari, kwa hiyo nakala zote tatu ziliamka zikiwa na namba moja. Seva ilidhani ni mashine moja inayorukaruka mlimani.

Njoki alikuwa anazunguka na pikipiki akirudisha mfumo wa zamani kwa mkono. Aliporudi ofisini, maji yakimtiririka, nilimweleza nikiwa karibu kulia. Nilidhani atanisimanga. Akakaa akacheka mpaka akavua helmeti.

"Hiyo ni kama kwetu. Guka, yaani babu, alikuwa Mutahi, na alizaa vijana wanne. Kila mmoja akaita first born wake Mutahi, ni lazima, mtoto anaitwa guka yake. Sasa ukisimama kwa gate uite Mutahi, wanatoka wanne."

"Mlifanyaje?"

"Si unaongeza mama yake. Mutahi wa Wacera, Mutahi wa Nduta. Lakini hiyo inakuja baadaye, akishazaliwa. Huwezi jua mama kabla mtoto azaliwe."

Alikuwa anapiga porojo tu, lakini ndivyo ilivyo. Namba isiwekwe kwenye imeji. Iachwe wazi, halafu kila nakala ijipe yake siku ya kwanza kuamka kwenye kiwanda chake. Nimeandika hatua hiyo na kuiita "kuamka mara ya kwanza".

28 Oktoba

Viwanda vyote saba vinafanya kazi kwa imeji mpya. Kila kimoja na namba yake, kila kimoja na saa za Nairobi. Nimebonyeza mara moja hapa mezani, na zote zikabadilika bila mtu kutoka nje ya ofisi.

Kahiga aliniita. Hajawahi kunipa kiti, leo amenipa.

"Nekoye, hii ni kazi safi kabisa. Sasa hii maneno ya kuzungukazunguka na mafuta ya chama imeisha. Contract ya Njoki inafika mwisho December, hatutarenew. Usimwambie saa hii, wacha season iishe."

Nikasema sawa. Nilisema upesi, kama nilivyozoea.

29 Oktoba

Sijaweza kula. Kwenye chai waliongea Kikuyu chao, na Njoki alikuwa mjini Kutus kwa daktari wa meno, kwa hiyo nilikaa na kikombe changu nikiangalia midomo ikisogea. Nikaona Januari itakavyokuwa. Na Februari. Mtu mmoja tu huniongelesha mji mzima, na mimi ndiye niliyemwandikia njia ya kutoka.

Mchana nilifungua faili ya maelekezo. Kwenye hatua ile ya kuamka mara ya kwanza, nikaongeza mstari mmoja ambao hauna kazi yoyote duniani. Mashine ikiamka na imeji mpya, inasimama na kuuliza kwenye skrini: "Endelea? Ndiyo / Hapana." Haiendi mbele mpaka mtu aliye pale kiwandani aweke nywila na kubonyeza. Nywila tunayo mimi na Njoki tu.

Nikamwambia Kahiga kwamba kwa ajili ya usalama ni lazima fundi awepo kuthibitisha mizani kila tunapotuma imeji mpya. Na imeji mpya, nikasema, itabidi itoke kila wiki msimu huu kwa sababu programu ya mizani inarekebishwa. Hili la pili ni kweli. Kahiga akakuna kidevu.

"Kama ni usalama, wacha Njoki aendelee kwanza. Tutaongea December."

Nimefanya jambo jema, nadhani.

5 Novemba

Ziara ya kwanza ya "kuthibitisha". Mimi nyuma ya pikipiki. Njoki anabonyeza Ndiyo, halafu tunakunywa chai mpaka tushibe.

"Kazi imekuwa rahisi sana," akasema. "Naanza kuogopa."

12 Novemba

Viwanda vyote saba. Kahawa ni nyingi, kina mama wana mikono myekundu mpaka viwikoni. Nimejifunza kusalimu kwa Kikuyu, na wamenisahihisha kwa fujo. Kurudi tulipita Kutus, nikaona nyumba ya Njoki: mabati ya kijani, kuku, mparachichi. Hakuniambia niingie kwa sababu ilikuwa inakaribia kunyesha, nami sikuomba.

Mgongo unamuuma. Alishuka kwenye pikipiki kwa hatua mbili badala ya moja. Nilipomuuliza akasema ni uzee, ati nitaujua nikifika.

17 Novemba

Mvua haijaacha tangu Ijumaa.

18 Novemba

Homa. Kichwa kimejaa pamba. Nimetuma imeji ya wiki nikiwa kitandani, kwa mazoea, bila hata kuangalia nje. Njoki alipiga simu kusema ataenda peke yake, nikae ninywe tangawizi.

"Barabara ya juu si imeharibika?" nikamuuliza.

"Hiyo barabara inanijua," akasema.

Ningeweza kuiondoa imeji hapo hapo. Ningeweza kuthibitisha mwenyewe kutoka kitandani kama ningefuta ule mstari. Nilifikiria, kisha nikafikiria kwamba Kahiga angeuliza kwa nini wiki hii fundi hakuhitajika. Nikajifunika blanketi.

19 Novemba

Ameanguka.

Kwenye mteremko ule kabla ya Kiwanda cha Juu, gurudumu la nyuma lilimkimbia. Pikipiki ikamlalia mkono wa kulia. Hakurudi. Aliiacha pikipiki mtaroni akapanda kwa miguu mpaka kiwandani, kwa sababu foleni ilikuwa imesimama tangu asubuhi ikimngoja yeye. Alipofika akabonyeza. Ndipo karani akatafuta pikapu ya kumpeleka hospitali.

Hayo yote nimeyasikia kwa Kahiga, kwenye simu. Alikuwa anamsifu.

20 Novemba

Nimetoka na homa yangu nikaenda hospitali. Wadi ilikuwa imejaa, wagonjwa wawili kitanda kimoja. Yeye alikuwa amepewa cha kwake, karibu na mlango. Plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Uso umekwaruzika shavu moja. Nilikuwa nimebeba ndizi na maziwa, nikaviweka kwenye kabati, nikakosa pa kuweka mikono.

"Pole, Mama Theuri."

"Asante."

 Sijawahi kumsikia akijibu kwa neno moja. Niliongea mimi: mvua, chakula cha hospitali, Kahiga anavyomsifu. Aliniacha nimalize.

"Nilifika huko juu na mkono imeninginia," akasema. "Watu wamejaa mpaka barabara, kahawa inachacha kwa magunia. Wamama wanalia. Nikafikiri mizani imekufa kabisa. Kuangalia screen, ni swali moja tu. Endelea? Nikaweka password na mkono ya kushoto, nikabonyeza ndio. Ikaendelea. Hakuna kitu ingine iliuliza, hakuna kitu ingine ilitaka."

Nilikuwa naangalia plasta.

"Mimi nimeweka hizi machine miaka mingi, Nekoye. Maswali yake yote najua. Hiyo si ya machine. Hiyo ni yako."

Nikajibu kwamba Kahiga alitaka kumwachisha kazi Desemba. Nikasema nilitafuta njia ya kumshikilia, nilikuwa namsaidia. Maneno yalinitoka haraka na yote yalikuwa ya kweli, na bado nilijisikia muongo.

"Nani alikuambia nataka hiyo kazi?" Hakupaza sauti. "Mgongo imeisha. Nilikuwa nimepanga kumwambia Kahiga mwenyewe, hata Theuri anajua. Nikaona hii kitu yako inahitaji mtu, nikasema wacha nisaidie huyu msichana amalize season."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka kutuangalia.

"Ulitaka mtu wa kutembea naye," akasema. "Si ungesema? Kwangu ni hapo Kutus. Sunday niko, Saturday niko. Ungesema tu Mama Theuri, niko peke yangu, kuja. Ningekuja. Sasa unaweka watu wote wa huko juu kwa mvua wakingoja mimi nibonyeze kitu?"

Nilifungua mdomo kusema samahani, muuguzi akaingia na dawa, akaniambia saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Nilisema samahani mlangoni. Sijui kama alisikia.

21 Novemba

Nimefuta ule mstari. Chombo kimejenga imeji upya kutoka mwanzo hadi mwisho, maswali yote yakijibiwa, na viwanda vyote saba vimeipokea bila mtu kugusa chochote. Nimekaa nikitazama skrini ikiandika "imekamilika" mara saba. Hakuna aliyepiga simu kulalamika. Hakuna aliyepiga simu kabisa.

Nimemwambia Kahiga kwamba uthibitisho hauhitajiki tena, na kwamba haukuwahi kuhitajika. Nilingoja anifokee. Alifikiri nanyenyekea. "Mnajifunza mkiendelea," akasema, na kunitakia wikendi njema.

24 Novemba

Nimempigia Njoki. Simu alishika Theuri. Mama amelala.

27 Novemba

Nimepiga tena. Amelala.

1 Desemba

Kahawa imepungua. Kina mama wa Kiwanda cha Juu wamemtumia Njoki gunia la viazi vitamu kupitia ofisini. Watu walipita wakilichungulia na kumtaja, na kwa mara ya kwanza nilielewa walichosema kwa Kikuyu, kwa sababu walikuwa wanatamka jina lake na neno la kuuliza tu. Nikasema nitalipeleka mimi.

6 Desemba

Nimekodi boda mpaka Kutus na lile gunia. Nilipofika mlangoni sikujificha nyuma ya gunia. Nilimwambia Njoki nimekuja kumwona, na kwamba nimekuwa peke yangu tangu Oktoba, na kwamba nilipaswa kulisema hilo kwa mdomo wangu badala ya kuliweka ndani ya mashine. Nililisema nikiwa nimesimama, mwenye boda akisikiliza.

Njoki alikuwa ameketi kwenye kochi, kitambaa kimemlegea kichwani kwa sababu hawezi kufunga fundo kwa mkono mmoja. Nyumba ilikuwa imefungwafungwa. Maboksi, godoro limekunjwa, sufuria ndani ya beseni. Theuri, kijana mrefu mwenye sauti ya mamake, alikuwa anapakia pikapu.

"Kuja unifunge hii kitu," akasema Njoki.

Nilimfunga kitambaa. Shingo yake ilikuwa ya moto. Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena vizuri zaidi ili nisimalize haraka.

"Naenda Nyeri kwa huyu," akasema. "Ako na nyumba kubwa, na bibi yake anaenda kuzaa. Hata mkono ikipona, nitakaa."

"Utarudi lini kutembea huku?"

"Kwani kuna machine inaningoja?"

Alikuwa ameinua uso kunitazama. Kulikuwa na utani ndani yake, kidogo, wa kutosha kunifanya nitake kusema ndiyo.

"Hakuna," nikasema.

"Zote zinajiendesha?"

"Zote, Mama Theuri."

Akatikisa kichwa polepole, akanishika mkono kwa ule wake mzima na kuubana.

"Basi umefanya kazi mzuri."

Theuri akamsaidia kupanda. Walinipungia mkono mpaka kona ya barabara kuu, nami nikawapungia. Mwenye boda akauliza kama tunarudi Kianyaga au ninangoja mtu mwingine, nikamwambia twende.